Mtendaji aliyeanza safari ya sekondari kwa kibali cha mgonjwa

Saa moja na robo asubuhi, Ernestine Révérien anafungua droo, anatoa mhuri, anaupuliza vumbi na kuuweka kulia kwake. Kushoto anaweka daftari la wageni. Katikati ya meza haweki kitu. Mtu akija na shida, anasema, aone kuna nafasi ya kuiweka.

Hii ni ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Ilembo, Manispaa ya Mpanda. Nje, kwenye benchi, watu saba wameshafika. Wa kwanza kuingia ni Safari, mlinzi wa ghala la mazao kule Majengo. Anataka barua ya kumthibitishia mwajiri wake kwamba amefiwa, ili apewe ruhusa ya siku nne.

"Pole sana," Ernestine anamwambia. "Amefariki nani?"

"Shangazi, mama mtendaji."

"Anaitwa nani?"

Safari anatazama dari.

"Shangazi yako hana jina?"

Kwenye benchi mtu anacheka. Safari naye anashindwa kujizuia, na ukweli unatoka. Dada yake anaolewa. Wakwe wanaleta mahari Alhamisi, huko Mishamo, na yeye ndiye kaka mkubwa. Asipokuwepo, hakuna atakayepokea.

"Sasa kwa nini usimwambie hivyo bosi wako?"

"Harusi hataki, mama. Msiba ndiyo anaruhusu."

"Ulimwomba akakataa?"

"Sijamwomba."

"Kwa hiyo umemuua shangazi yako hata kuuliza hujauliza." Tayari anaandika. "Nakuandikia mahari. Akikataa, mpe namba yangu."

Mhuri unagonga karatasi. Safari anatoka akiwa ameshika barua kwa mikono miwili, na benchi zima linampa pole ya shangazi.

Ernestine, mwenye miaka arobaini na mitano na watoto watatu, hamshangai. "Watu kama Safari napata wawili, watatu kwa wiki," anasema. "Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilitoka nyumbani kwenda kidato cha kwanza nikiwa mgonjwa wa karatasi."

Alizaliwa na kukulia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Baba yake, Mzee Révérien, aliingia akiwa kijana wa miaka ishirini na saba. Akapewa eneo, akafyeka msitu, akalima mahindi, maharage na tumbaku. Ernestine alipozaliwa, Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na Katavi lilikuwa jina la mbuga tu.

Mkazi wa Katumba hakutoka kwenye makazi hayo bila kibali. Kibali kiliandikwa jina lako, unakokwenda, shughuli unayoifuata na idadi ya siku. Barabarani kulikuwa na kizuizi, na kwenye kizuizi kulikuwa na mgambo aliyejua kusoma.

"Sisi watoto hatukuona ajabu," Ernestine anasema. "Tulidhani duniani kote ndivyo watu wanavyosafiri."

Mwaka 1995 alikuwa darasa la saba. Darasa lilikuwa na wanafunzi tisini na mmoja na madawati kumi na manane. Waliokosa dawati walikalia matofali, na Ernestine alikuwa na tofali lake alilolichora herufi E kwa msumari. Vitabu vya hisabati vilikuwa sita. Mwalimu aliandika maswali ubaoni, mliokaa nyuma mkawasubiri wa mbele wanakili, kisha mnanakili kwao.

Matokeo yalipotoka, waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa mvulana wa kijiji cha pili. Mwingine alikuwa Ernestine. Alipangiwa shule ya kutwa mjini Mpanda, na fomu ilisema aripoti kabla ya mwisho wa saa za kazi, Ijumaa ya wiki ya pili ya Januari. Asiyeripoti, nafasi yake anapewa mwingine.

Mzee Révérien sasa ana miaka themanini na anaishi na binti yake Ilembo. Asubuhi anakaa barazani akipukuchua mahindi ambayo hakuna aliyemwomba ayapukuchue. Anaikumbuka siku ile vizuri.

"Nilifurahi, halafu nikaogopa. Siku ile ile," anasema. "Nilijiuliza, huyu atatokaje?"

Hofu yake haikuwa ya bure, ila haikuwa na ushahidi pia. Jirani yake, Gervais, aliwahi kuomba kibali cha kwenda harusini, akanyimwa. Akaomba cha kwenda kutafuta soko la maharage, akanyimwa. Mtoto wake alipougua, kibali kilitoka siku hiyo hiyo. Hadithi hiyo ilizunguka vijijini mpaka ikawa kama sheria: harusi hapana, biashara hapana, ugonjwa ndiyo.

"Hakuna aliyewahi kuomba cha shule," Mzee Révérien anasema. "Kijijini kwetu hakuna aliyewahi kufaulu. Sasa mimi nianze kujaribu kwa mwanangu? Nikikataliwa je? Nikaona nishike njia ninayoijua."

Ernestine alikuwa na kadi ya zahanati ya mwezi uliotangulia, alipoumwa tumbo kweli. Baba yake aliichukua kadi hiyo Jumatatu, akaenda ofisi ya makazi, akarudi na kibali cha siku saba. Kimeandikwa: *matibabu, hospitali, Mpanda mjini.*

Mke wake, Apollinarie, ambaye sasa ni marehemu, hakupenda. Aliamini kwamba ukimtajia mtoto mzima ugonjwa, unauita. Alimwambia mumewe, mbele ya watoto, kwamba amempakaza mwanawe jina baya siku ya sherehe yake. Usiku huo hakumpakulia chakula. Alimwachia chungu mekoni, ajipakulie.

Jumatano asubuhi baba na binti wakapanda lori la magunia lililokuwa linakwenda mjini. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Walibeba vitu vilivyoandikwa kwenye fomu ya shule, yaani ndoo, jembe na fagio, pamoja na sanduku la bati na godoro la kulalia huko mjini.

Hapo ndipo Mzee Révérien alipokosea. Aliwaza kibali, akasahau mzigo.

Kwenye kizuizi mgambo alipanda nyuma ya lori na kukagua karatasi moja moja. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la mvua lililochanika begani. Alisoma kibali cha akina Ernestine, akamtazama binti, akatazama sanduku. Akasoma tena.

"Nyie mnaenda hospitali?"

"Ndiyo, afande," Mzee Révérien akajibu.

"Nani mgonjwa?"

"Huyu binti. Tumbo."

Mgambo akainua jembe. "Na hili? Anaenda kulima wodini?"

Lori zima likacheka. Mama mmoja aliyekuwa na kuku wawili akadakia, "Na fagio, afande! Usisahau fagio. Manesi wamepata msaidizi."

Mzee Révérien hakucheka. Ni mtu mkavu hata leo. Alishikilia neno lake: tumbo, tumbo, linamsumbua tangu Desemba. Mgambo akamwacha, akamgeukia Ernestine.

"Binti, unaumwa nini?"

Ernestine anasema mpaka leo hajui ujasiri ule ulitoka wapi. Nyumbani kwao mtoto hakumpinga baba mbele za watu. Mbele ya mtu wa serikali ndiyo kabisa.

"Siumwi," akasema. "Nimefaulu."

Kicheko kikakatika. Baba yake akamwangalia kama mtu aliyepigwa kofi. Mgambo akateremsha sanduku, godoro, ndoo, jembe na fagio, akawaambia wenye mzigo nao washuke. Lori likaondoka bila wao.

Kwa mujibu wa sheria, mambo yangeishia kituo cha polisi. Kutumia kibali cha uongo lilikuwa kosa, na mgambo alikuwa amewekwa pale kwa kazi hiyo hasa. Angewapeleka, wangekaa siku mbili au tatu, na Ijumaa ingepita. Nafasi ya Ernestine ingekwenda kwa mtoto mwingine. Hakukuwa na njia ya kurudia: Katumba ya mwaka ule mtoto hakuchaguliwa mara mbili.

Mgambo aliomba fomu ya shule. Akaisoma yote, mbele na nyuma, akiwa amesimama kwenye mvua.

"Mzee," akasema, "hii karatasi ulimwonyesha karani?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Angekataa."

"Alikwambia atakataa?"

Mzee Révérien akaokota fagio kwenye tope.

"Leo Jumatano," mgambo akasema. "Mna leo, kesho na kesho kutwa. Chukua baiskeli yangu, rudi ofisini ukaseme ukweli. Mzigo unabaki hapa kwangu. Usiporudisha baiskeli, mimi nitalalia godoro."

Ofisi ya makazi ilikuwa nyuma yao, kama kilomita ishirini, na barabara ilikuwa tope tupu. Ernestine alipanda kwenye keria. Kila kilima walishuka wakasukuma, yeye akishika usukani na baba akisukuma kwa nyuma. Ndipo alipoona maandishi ya rangi nyeupe kwenye madigadi ya mbele. Yalisomeka: S. LYAMBA, KIBAONI.

"Nililisoma hilo jina kila kilima," anasema. "Vilima ni vingi. Halikunitoka tena."

Karani wa vibali aliitwa Gaspar, Mfipa wa Sumbawanga, mtu wa miwani na maneno machache. Alimtambua Mzee Révérien mara moja.

"Mzee wa tumbo. Mgonjwa kapona?"

Mzee Révérien akavua kofia, akaweka fomu ya shule mezani. Ernestine anasema hajawahi kumwona baba yake akizungumza kwa shida namna ile. Alieleza kadi ya zahanati. Alieleza Gervais, harusi na maharage. Alimaliza kwa kusema kwamba kama kuna adhabu iwe yake peke yake, mtoto aende.

Gaspar alifungua kabati, akatoa kitabu cha vibali ambacho jalada lake lilikuwa bado jipya. Akakigeuza wakione. Juu palichapwa: *Mwanafunzi. Miezi mitatu. Huongezwa kikiisha.*

"Hiki kitabu kimekaa hapa mwaka mzima," karani akasema. "Nimeandika vibali vinne. Nyie huko vijijini mnadhani kimewekwa kwa ajili ya nani?"

Ernestine anacheka anaposimulia, lakini anasema siku ile baba yake alikaa chini. Alikaa sakafuni kabisa, ofisini kwa watu. Kibali alichokiogopa kilikuwepo siku zote, kwenye kabati, umbali wa kuuliza tu.

Tatizo likawa saini. Mkuu wa makazi alikuwa Sumbawanga kikaoni na angerudi Alhamisi. Gaspar alijaza kila kitu, akabakiza sehemu ya saini, akawaambia warudi kesho.

Alhamisi walifika saa mbili asubuhi. Wakakaa nje. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Gaspar alitoka mara mbili kuwaambia gari halijaonekana, na mara ya pili aliwaletea chai kwenye kikombe kimoja, wagawane. Saa kumi jioni gari likaingia limejaa tope mpaka madirishani. Mkuu wa makazi hakuingia hata ofisini. Alisaini juu ya boneti, kisha akamwuliza Ernestine swali moja: hisabati alipata ngapi? Akamwambia. Akasema, "Endelea hivyo hivyo," akaenda zake kuoga.

Ijumaa waliondoka kabla jua halijatoka. Mnyororo wa baiskeli ulichomoka mara tano. Walifika kwenye kizuizi saa tano, magoti yamejaa tope. Lyamba alikuwa pale pale, na koti lile lile. Mzigo ulikuwa kwenye kibanda chake, juu ya vipande vya mbao usiguse maji. Alisoma kibali kipya, akatazama saini.

"Sasa hivi hata ukibeba matrekta mawili nakupitisha," akamwambia Mzee Révérien.

Lori lililokuja lilikuwa limejaa magogo, na dereva alisema hana nafasi. Lyamba akamwambia nafasi ipo, atazame vizuri. Dereva akatazama vizuri. Ikapatikana.

Ilikuwa baadaye sana ndipo Ernestine alipojua, kutoka kwa mgambo mwingine, kwamba siku mbili zile Lyamba alikwenda kazini na kurudi alikopanga kwa miguu, kilomita saba kwenda na saba kurudi, katika mvua. Baiskeli alikuwa nayo moja.

Walifika shuleni saa nane na nusu mchana. Mwalimu aliyekuwa akiandikisha kidato cha kwanza aliitwa Nkwabi, Msukuma mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa na daftari, rula na kalamu ya risasi. Majina ya ambao hawajaripoti alikuwa ameshayapitishia mstari, na jina la Ernestine lilikuwa na mstari wake.

"Umechelewa na nini wewe?"

Ernestine akamwambia yote. Kadi, tumbo, jembe, baiskeli, boneti. Mwalimu Nkwabi alicheka mpaka akaegemea ukuta, akawaita walimu wenzake wawili waje wasikie, akamfanya arudie. Kisha akachukua kifutio.

"Bahati yako sikutumia wino," akasema. "Jembe peleka stoo. Kesho mtalima."

Shule ilikuwa ya kutwa, kwa hiyo binti alihitaji mahali pa kukaa. Mzee Révérien alimjua mtu mmoja tu mjini: Mwanaiddi, mjane mwenye duka Majengo, aliyekuwa akinunua maharage yaliyotoka Katumba. Alimpelekea binti bila taarifa. Simu ya kumtaarifu ingepigwa wapi?

Mwanaiddi yupo bado, na duka lipo. Ana miaka sabini na nne, anakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta, na anauza kila kitu kuanzia sabuni mpaka misumari. Ukimtajia Ernestine anapiga kofi kwenye paja.

"Alikuja kama kuku aliyenyeshewa," anasema. "Baba yake ananiambia, mama, nakuachia huyu. Nikamwuliza, mpaka lini? Akasema, mpaka amalize. Nikajua muhula. Kumbe miaka minne!"

Walikubaliana mambo machache. Ernestine atachota maji, atafagia duka asubuhi, atapima sukari na chumvi jioni. Jumapili atakwenda kanisani kwao. Wakati wa Ramadhani hatafunga kwa sababu si dini yake, ila hatapika harufu ikasambaa mchana. Na atasoma.

"Kusoma nilisimamia mwenyewe," Mwanaiddi anasema. "Mimi sikwenda shule, lakini najua mtu anayesoma na mtu anayesinzia juu ya kitabu. Nilikuwa namtupia chumvi."

"Ya mawe," Ernestine anaongeza.

Kazi kubwa ya Mwanaiddi, hata hivyo, ilikuwa tarehe. Kibali cha mwanafunzi kilikufa kila baada ya miezi mitatu, na ukikutwa nacho kimekufa unarudishwa. Mwanaiddi alizungushia tarehe hizo kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya dukani, juu ya mzani, ambapo kila mteja aliziona. Wiki mbili kabla, alianza kutuma salamu kwa kila aliyekwenda upande wa Katumba.

"Nilikuwa namwambia hata nisiyemjua," anasema. "Ukifika, mwambie mzee wa yule binti, karatasi inakufa Alhamisi."

Na Mzee Révérien alikuja, kila mara. Kilomita thelathini na nane kutoka kijijini mpaka mjini, kwa baiskeli aliyoinunua baada ya kuuza tumbaku ya msimu ule, naye akiwa na kibali chake cha siku moja mfukoni. Kwenye sehemu ya shughuli sasa kiliandikwa ukweli: *kumpelekea mwanafunzi karatasi.* Ernestine amehesabu. Kwa miaka minne baba yake alikuja mara kumi na tano. Hakuchelewa hata mara moja, na hakukaa zaidi ya kunywa maji.

Wanafunzi wenzake hawakuwa wabaya sana. Walimwita "Kibali". Mwanzoni aliumia, kisha akaona lina faida: mwalimu akiuliza nani yuko tayari kwenda ubaoni, darasa zima lilipiga kelele "Kibali! Kibali!", na kwa sababu hiyo hakuthubutu kwenda darasani bila kujiandaa. Alimaliza kidato cha nne Novemba 1999. Katika wasichana hamsini na wawili walioanza naye, waliofika mtihani wa mwisho walikuwa ishirini na saba.

Baada ya hapo mlango ulifungwa tena. Ajira ya serikali ilitaka uraia, na yeye hakuwa nao. Alirudi Katumba akafundisha watoto wa chekechea kwa kujitolea, akashona nguo, akaolewa, akazaa. Alisubiri miaka kumi na mitano mpaka familia yao ilipopata vyeti vya uraia wa Tanzania. Siku hiyo hiyo alitoa cheti chake cha kidato cha nne chini ya godoro, akakianika juani kwa sababu kilikuwa na ukungu.

Alisoma stashahada ya serikali za mitaa akiwa na watoto watatu, mdogo akiwa na miaka minne. Aliajiriwa akiwa na miaka thelathini na minane, kwanza mtendaji wa mtaa, sasa mtendaji wa kata. Anasema kwenye darasa la stashahada alikuwa anaitwa bibi.

"Mimi sioni kama nilichelewa," anasema. "Niliochelewa nao wako wengi ambao hawakufika. Kama si yule mgambo, mimi ni mama wa shambani Katumba, na si kazi mbaya, lakini si niliyoitaka."

Ofisini kwake ameweka utaratibu mmoja unaojulikana kata nzima. Barua ya utambulisho inatoka siku hiyo hiyo, ilimradi useme kweli unakwenda kufanya nini. Kuna watu wameandikiwa barua zinazosema wanakwenda kumtafuta mke aliyekimbia, kwenda kuomba radhi kwa kaka, kwenda kuangalia mpira. Wakubwa wake waliwahi kumwambia ile ya mpira ilizidi. Akakubali.

Kitu kimoja kilikuwa kinamkera. Alimshukuru Karani Gaspar kabla hajastaafu. Alimtembelea Mwalimu Nkwabi mara mbili kabla hajafariki. Kwa Mwanaiddi anakwenda kila Jumapili akitoka kanisani. Lakini hakuwahi kumtafuta Lyamba. Sababu? Hana nzuri.

"Mtu unajiambia mwakani," anasema. "Mwakani zimekuwa nyingi."

Mwezi uliopita, kwenye mafunzo ya watendaji mjini, alikaa karibu na mwenzake anayefanya kazi upande wa Mpimbwe. Akamwuliza kama pale Kibaoni kuna mzee Lyamba, aliyekuwa mgambo zamani. Mwenzake akasema yupo Stanslaus Lyamba, analima mpunga, ana miaka sabini na kidogo, anasikia kwa sikio moja. Akampa namba ya simu ya mjukuu.

Ernestine alipiga jioni hiyo hiyo. Alijitambulisha, akasimulia kila kitu kwa sauti kubwa: lori, tumbo, jembe, baiskeli.

"Mama," Mzee Lyamba akasema, "sikumbuki."

"Ulituazima baiskeli, baba. Siku mbili. Januari tisini na sita."

"Mimi niliazima mtu baiskeli? Mke wangu angeniua."

"Uliazima, baba."

"Nilirudisha watu wengi pale. Wengi sana. Wale ndio ninaowakumbuka, wananijia. Hiyo shule uliimaliza?"

"Niliimaliza. Ni mtendaji wa kata sasa."

"Haya," mzee akasema. Kisha: "Hebu nisimulie tena. Pole pole. Huyu mjukuu naye asikie."

Akamsimulia tena.

Safari ya Kibaoni imepangwa Jumamosi hii. Ernestine ameomba ruhusa kazini, na kwenye fomu ameandika sababu kama ilivyo. Anakwenda na bintiye wa mwisho, Aurélie, aliye kidato cha pili, na Mzee Révérien, ambaye hakualikwa. Alijialika.

Mzee ana shughuli yake mwenyewe. Alimdanganya mtu aliyekuwa kazini, tena mara tatu mfululizo, mbele ya lori zima, na hajawahi kuomba radhi. Kwao Warundi radhi haiombwi kwa simu wala mikono mitupu. Inaombwa mmekaa, pombe ya ndizi iko katikati yenu, mkosaji ndiye aliyeileta. Madumu mawili yameshaagizwa Katumba. Ernestine amejaribu kumweleza kwamba Mzee Lyamba aliacha pombe kwa sababu ya presha.

"Si lazima anywe," Mzee Révérien anasema bila kuacha kupukuchua mahindi yake. "Lazima aione. Akishaiona, jirani zake watanisaidia."

"Na kama hakukumbuki, Data?" binti yake anamwuliza. Ndivyo anavyomwita baba kwa Kirundi.

"Mimi namkumbuka. Anatosha mmoja."

Saa tisa na nusu alasiri benchi la ofisi limebaki tupu. Ernestine anafunga daftari. Leo ametoa barua kumi na nne. Anaulizwa kama haoni uchungu kwamba mtu aliyebadilisha maisha yake hakumbuki hata sura yake.

Anatikisa kichwa.

"Yeye alifanya kazi, akaenda nyumbani kwa miguu," anasema. "Hakuna aliyemwambia iliishia wapi. Hiyo ni taarifa yake, mimi ndiye niliyeikalia miaka ishirini na tisa. Jumamosi ataipata."